Daftari la choo cha paka: nilivyoijua kawaida ya paka wangu

Nyumbani mwangu kuna paka wawili. Jike ana kilo 3.4 na anakula chakula kikavu cha dukani. Dume aliyehasiwa ana kilo 5 na bila dagaa anajiona hajala. Jike anapata choo mara moja kwa siku, mara nyingi alfajiri. Dume huchukua kama saa 30, na siku nyingine hufika saa 36. Wote wazima. Ilinibidi kuandika kwenye daftari wiki mbili mfululizo ndipo nikaweza kulisema hilo bila kubahatisha.

Idadi inayokubalika kwa paka mkubwa ni pana kidogo: mara moja au mbili kwa siku, au mara moja kila saa 24 hadi 36. Kitoto cha paka kilichokwisha kuanza kula hupata mara mbili hadi nne, maana kinakula mara nyingi na chakula hakikai. Kichanga wa chini ya wiki tatu hawezi peke yake; mama humlamba chini ya mkia ndipo atoe haja zote mbili. Ukilea yatima, kazi hiyo inakuwa yako: pamba iliyolowa maji ya uvuguvugu, unampapasa taratibu kila baada ya kumnywesha, mpaka ajimudu karibu na wiki ya nne. Paka mzee naye hupungua kasi, na magoti yakimuuma huahirisha kuingia kwenye beseni lake la mchanga wa choo likiwa na ukingo mrefu. Ukisikia choo chake kimeanza kuwa kigumu, angalia ukingo huo kabla hujalaumu chakula.

Kwangu mimi idadi ni mwanzo tu. Ninachokitafuta ni mabadiliko: paka wa kila siku akiruka siku mbili, au wa siku moja na nusu akaanza kwenda mara tatu kwa siku. Saa 48 bila choo nampigia daktari wa mifugo. Saa 72 sipigi tena simu, nampeleka. Akiwa anatapika, amegoma kula au tumbo limekaza, sisubiri hata hizo 48.

Huwezi kuandika usichokiona, kwa hiyo kazi ilianzia kwenye mchanga. Kanuni ni mabeseni sawa na idadi ya paka ukiongeza moja. Mimi nina matatu. Beseni liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka bila mkia, na vile visahani vidogo vinavyouzwa kama vyoo vya paka vingi havifikii. Beseni la kufulia lililokatwa upande mmoja hadi sentimita 10 ndilo ninalotumia. Mchanga wa mto unafaa ukiuchekecha na kuuanika juani siku nzima. Mimina kina cha sentimita 5 hivi. Ukiwa mwembamba zaidi ya hapo, mkojo unafika chini na kuganda kwenye plastiki, harufu inabaki, na paka anaanza kujizuia. Paka akijizuia, choo kinakaa kwenye utumbo mpana, utumbo unazidi kunyonya maji, choo kinakauka, kinauma kutoka, naye anajizuia zaidi. Visa vya choo kigumu nilivyovifuatilia, kadhaa vilianzia kwenye beseni chafu.

Vumbi la mbao ni laini na halina gharama, lakini lina kasoro mbili. Linajipaka kwenye choo kote, usione uso wake wala ute ukiwepo. Pili, mafundi wengi hufanya kazi na mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, na paka hulamba miguu yake. Ukiamua kulitumia, uliza mbao zimetoka wapi.

Nachota kinyesi asubuhi na jioni, na kila wiki namwaga mchanga wote na kuosha beseni kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto. Dettol hapana, hata kifuniko kimoja. Ini la paka haliwezi kuvunja vizuri kemikali za jamii ya fenoli, naye atakanyaga, atajilamba, ataugua. Jik nayo ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua, chako na chake.

Paka wawili, mabeseni matatu: choo hiki cha nani? Njia niliyoitumia ni kalamu ya nta ya rangi, zile za watoto zilizoandikwa kuwa hazina sumu. Kwangua robo kijiko cha chai, changanya kwenye chakula laini cha paka mmoja tu, na ale mbele yako. Kesho yake au kesho kutwa utaona vichembe vya rangi hiyo kwenye choo chake. Chagua buluu au zambarau; nyekundu itakuchanganya na damu, na kijani hupotea. Nililifanya hilo siku nne tu, na baada ya hapo nikawa navitambua vyoo vyao kwa unene na saa.

Daftarini naandika vitu vinne: saa, umbo, rangi, na kitu chochote kilichochanganyika. Kwa umbo natumia jedwali la alama 1 hadi 7 ambalo Purina, kampuni ya chakula cha wanyama, ililitoa na madaktari wengi wanalijua, hivyo ukimwambia daktari "ni 5" hamhitaji kubishana. Alama 1 ni vidonge vikavu vilivyoachana, kama vya mbuzi. Alama 2 ndiyo unayoitaka: kigumu kiasi lakini si kikavu, kina mikunjo ya kukatika, na ukikiinua hakiachi kitu chini. Alama 3 ni kama gogo, uso wake unang'aa kwa unyevu na huacha alama kidogo, ila hakivunjiki. Hiyo nayo ni nzuri. Kuanzia 4 kimelowa na kinaanza kupoteza mikato, 5 ni rundo, 6 ni uji uliotandazika, 7 ni maji.

Njia yangu ya kupima ni kijiti. Bonyeza katikati ya choo: kikibonyea kama udongo wa mfinyanzi, tupo salama. Kikipasuka na kutoa unga mweupe au wa kijivu, kuna mifupa mingi mno. Hilo linampata dume wangu kila akipewa dagaa wakavu tupu. Siku hizi nawaloweka, namwaga maji ya kwanza kuondoa chumvi, nawachemsha na kumpa pamoja na mchuzi wake, si zaidi ya theluthi moja ya mlo. Samaki peke yake si chakula kamili cha paka hata kama yeye anaamini hivyo.

Rangi ya kawaida ni kahawia, kati ya chai ya maziwa iliyokolea na kahawa, na inatokana na nyongo iliyovunjwavunjwa na bakteria wa utumbo. Choo cheusi kinachonata kama lami kina damu iliyomeng'enywa, imetoka juu, tumboni au kwenye utumbo mwembamba. Damu nyekundu mbichi imetoka chini karibu na tundu. Tone moja juu ya choo kigumu mara nyingi ni mchubuko wa kujikamua, lakini ikirudi mara ya pili ni ya kupeleka. Choo cheupe au kijivu kwa paka asiyekula mifupa kinaelekeza kwenye ini na nyongo. Manyoya machache ndani ya choo ni kawaida kabisa kwa mnyama anayejilamba kutwa nzima. Yakiwa mengi hadi yanashikilia vipande viwili kama uzi wa shanga, mchane kila siku dakika tano.

Sasa choo kigumu. Maji ndiyo dawa ya kwanza, na paka ni mvivu wa kunywa. Anahitaji kama mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, zikiwemo zilizomo kwenye chakula. Jike wangu, basi, ni karibu mililita 170. Chakula kikavu kina maji karibu asilimia 10, cha kopo asilimia 75 au zaidi, kwa hiyo mla chakula kikavu analazimika kunywa karibu zote. Nilipima hivi: mililita 300 kwenye bakuli asubuhi, na bakuli jingine la aina hiyohiyo lenye kiasi hichohicho juu ya kabati wasipolifikia. Baada ya saa 24 unapima yote mawili. Tofauti kati yao ndiyo iliyonywewa, kwa sababu joto letu hukausha maji na ukipima moja tu utajidanganya. Jike alikuwa anakunywa nusu ya anachohitaji. Niliongeza mabakuli mawili mbali na chakula, nikaanza kulowesha chakula chake kikavu kwa maji ya uvuguvugu kiasi sawa kwa sawa, na ndani ya siku tano alama zikatoka 1 hadi 2.

Boga linasaidia pia. Kijiko kimoja cha chai cha boga lililochemshwa na kupondwa, mara moja au mbili kwa siku, limechanganywa kwenye chakula. Boga tupu, bila chumvi wala sukari. Lile la futari lenye tui la nazi ni lako wewe. Usilipe paka aliyekwisha kupungukiwa maji kabla hajanywa, maana nyuzi bila maji zinaongeza tu mzigo. Laktulozi, dawa ya kulainisha choo, hutumika kwa paka, lakini dozi aipange daktari kwa uzito.

Mambo mawili yanayofanywa majumbani kwa nia njema yanaua. La kwanza ni dawa za binadamu za kusukuma choo kwa nyuma zenye fosfati ya sodiamu: kwa paka fosfati hupanda ghafla kwenye damu, kalsiamu inashuka, anatetemeka na kufa. La pili ni kumimina mafuta mdomoni kwa nguvu. Mafuta huteleza kwenda mapafuni bila hata kukohoa, na unabaki na nimonia badala ya choo kigumu.

Na lipo la tatu, si dawa bali kosa la macho. Paka dume anayeingia beseni kila dakika kumi, anachuchumaa, anajikamua, analia, hatoi kitu: watu husema amefunga choo. Tazama mchanga. Kama hakuna uvimbe wa mchanga uliolowa tangu jana, huyo amefungwa mkojo. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, ikiziba figo zinashindwa na moyo unavurugika. Siku moja au mbili zinatosha kummaliza. Ndiyo maana daftari langu lina safu ya haja ndogo pia. Naandika tu alama ya vema, mbili au tatu kwa siku.

Kuhara kuna sababu nyepesi na nzito. Nyepesi kuliko zote ni maziwa ya ng'ombe: paka wengi wakubwa hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa, inavuta maji utumboni, na usiku huohuo una alama 6. Inayofuata ni kubadilisha chakula ghafla. Nabadilisha kwa siku 7 hadi 10: robo ya kipya siku tatu za mwanzo, kisha nusu, kisha robo tatu, na choo kikilainika hadi 4 narudi hatua moja nyuma.

Angalia pia namna anavyohara. Choo kingi, cha maji, mara chache, na paka anakonda: tatizo liko utumbo mwembamba. Kidogokidogo, mara nyingi, chenye ute kama wa bamia na labda damu mbichi: liko utumbo mpana. Daktari atakuuliza hilo, na jibu linapunguza vipimo. Mkubwa anayekula na kuchangamka nampa siku moja, mbili mwisho. Kitoto sikipi hata nusu siku, kwa sababu hukauka haraka, na panlyukopenia, ugonjwa hatari wa virusi wa paka, huanza hivyohivyo kwa kuhara na kutapika. Kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" sikubaliani nako: paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula ini lake hujaa mafuta.

Punje zinazofanana na mchele mkavu, kwenye choo au kwenye manyoya ya chini ya mkia, ni vipande vya tegu. Paka humpata kwa kumeza kiroboto wakati wa kujilamba, kwa hiyo ukimpa dawa ya minyoo na viroboto ukawaacha, punje zitarudi. Minyoo mirefu ya mviringo kama tambi ni jamii nyingine na dawa yake inaweza kuwa nyingine. Uzi wa cherehani ukionekana unaning'inia nyuma, usiuvute. Ncha nyingine huenda imenasa chini ya ulimi, na kuvuta kunakata utumbo kama waya. Mbebe, nenda kwa daktari.

Anayechota asiwe mjamzito, kama yupo mwingine wa kuchota. Choo cha paka kinaweza kuwa na mayai ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mayai hayo hayaambukizi choo kikiwa kibichi. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Ndiyo sababu nyingine ya kuchota kila siku bila kuruka.

Sampuli ya daktari ni kijiko kimoja cha chai, cha asubuhi hiyohiyo, kwenye chupa safi yenye kifuniko, bila mchanga kadiri iwezekanavyo. Ikichelewa inakaa kwenye friji, kamwe si kwenye sehemu ya barafu, na isipite siku moja. Akishuku jiadia ataomba za siku tatu tofauti, kwa sababu kimelea hicho hakitoki kila siku. Nabeba na daftari, na mara nyingi husoma hilo kwanza.