Naishi kwa Alamu

Simu yangu ina milio miwili ambayo nyumba nzima hapa Pasua, Moshi, wanaijua. Kengele ndogo ni ya kujinyanyua: kila nusu saa nakandamiza viganja pembeni mwa kiti changu cha magurudumu, nanyoosha mikono, makalio yanaachia mto, nahesabu taratibu, nashuka. Jogoo ni wa kujitoa mkojo kwa mpira: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Mpwa wangu wa chekechea akimsikia anapiga kelele toka uani, "Mjomba, jogooo!" Kuna Jumapili aliwika katikati ya mahubiri na mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Petro ameshakana?" Benchi zima likacheka, na mimi nikatoka na kiti changu bila kuona haya.

Ajali sitaisimulia, nimeisimulia hadi nimechoka. Nilidondoka kutoka juu ya Fuso ya ndizi, basi. Pingili ya 12 ya mgongo ikavunjika, ile ya mwisho kushika mbavu, na uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kinenani kushuka chini sisikii.

Wanaokuja kunisalimia wana swali moja: utatembea lini? Meku jirani yetu huliuliza kila akipita, kwa upendo kabisa, halafu ananishauri mafuta ya kuchua. Naitikia, "Asante meku." Nitamwambiaje mzee wa umri ule kwamba miguu siiwazi sana, kwamba ninachokiwaza asubuhi hadi usiku ni kibofu na ngozi ya makalio? Lakini ndivyo ilivyo. Mtu ambaye mwili wake ni mzima akikaa kwenye benchi hujisogeza bila hata kujua, kwa sababu nyama iliyobanwa inalalamika. Mimi nyama yangu hailalamiki. Damu inazuiwa pale pale, ngozi inakufa kimyakimya, na kidonda kikishachimbika kinaweza kumlaza mtu miezi. Kibofu nacho hakinipi taarifa. Kikijaa mno mkojo unaweza kurudi hadi kwenye figo, na ukibaki humo muda mrefu ni UTI juu ya UTI, yale maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa hiyo kazi iliyokuwa inafanywa na mwili sasa inafanywa na saa.

Hilo nililielewa wodini. Kitanda cha jirani alilala baba mmoja wa Rombo aliyeanguka toka mtini akikata majani ya ng'ombe. Yeye aliumia shingoni. Jioni moja uso ukamwiva ghafla, jasho likamtiririka kichwani na shingoni, huku miguu mikavu na ya baridi. Analia kichwa kinapasuka. Shangazi yake akaanza kukemea pepo, kijana wake akakimbilia Panadol. Nesi alipofika hakuuliza maswali. Alimkalisha wima, akashika mfuko wa mkojo, akaufuata mpira kwa vidole taratibu mpaka chini ya paja, na hapo akaukuta umejikunja. Akaunyoosha. Mkojo ukashuka kwa kasi, na haikuchukua muda yule baba akaanza kuulizia chai. Nesi akatueleza, shangazi naye akisikiliza: aliyeumia kuanzia pingili ya 6 ya mgongo kwenda juu, kibofu kikijaa au choo kikikwama, presha inaweza kupanda hadi mshipa wa kichwa upasuke. Unamkalisha kwanza, halafu unatafuta kilichobana. Tangu siku ile shangazi alikuwa anakagua mpira kuliko manesi.

Mtaalamu wa mazoezi alipenda kutupa historia huku anatukunja magoti. Zamani askari akiumia uti wa mgongo alihesabiwa marehemu; vidonda na maambukizi ya mkojo vilimmaliza. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alianzisha kitengo cha majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Akaamuru wageuzwe kitandani kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki inafunguliwa London, akawashindanisha wagonjwa wake kulenga shabaha kwa mishale, na kutoka hapo ndiyo tukapata Paralimpiki, Olimpiki ya watu wenye ulemavu. Wenzangu waliipenda hiyo ya mishale. Mimi nilibaki na ile ya saa 2, maana dada yangu ndiye aliyekuwa ananigeuza usiku, na kesho yake ana kibanda cha kufungua.

Nyumbani mambo ni madogo madogo. Fundi aling'oa fremu ya mlango wa choo ili kiti kipite, sasa ni pazia. Baada ya kuoga najikagua kwa kioo, natafuta wekundu usioondoka. Mwezi wa saba Moshi baridi inauma, dada akiwasha jiko la mkaa analisogeza mbali na miguu yangu, maana inaweza kuungua na mimi naendelea kupiga stori.

Kitu kinachoniudhi ni hivi viti vya kugawiwa mbele ya kamera. Kiti kipana kama kochi, hakina mto, magurudumu ya mbele madogo yanayozama kwenye tope la kwanza. Watu wanapiga makofi, mpewaji anarudi nyumbani na kidonda cha kesho. Kiti hupimwa kama suti. Na mafundi tunao hapa hapa, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC kinafundisha wataalamu wa viungo bandia tangu 1981, na vitimwendo pia vimo. Changu ni cha magurudumu matatu, kirefu mbele, hakipinduki hovyo kwenye mashimo. Sura hakina.

Sasa nataka kurudi sokoni, safari hii kwenye hesabu, mizigo wabebe wengine. Tajiri wangu amekubali. Tatizo ni choo: ngazi nne, mlango mwembamba, maji ya ndoo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, lakini sheria haitanibeba kupanda zile ngazi. Kwa hiyo nitafanya kazi saa 4 na nusu hadi saa 7 na nusu, nirudi nyumbani kwa mpira wa saa 8. Dereva wa bajaji nimeshampata, tunabishana bei tu. Anadai kukunja kiti na kukikunjua ni kazi ya ziada. Namwambia mikungu ya ndizi mbona anaipakia bure.