Aaa. Basi.

Tangu Jumanne maneno haya mawili hayanitoki kichwani.

Mnamjua mama mkwe, na chetezo chake cha udi mnakijua. Asubuhi ile nimeshajipulizia Tuscan Leather ya Tom Ford, manukato ya harufu ya ngozi, kile kichupa alichonimiminia binamu wa Maskati (chupa nzima siiwezi, tusidanganyane), nateremka ngazi, huyo namkuta na chai yake ya tangawizi.

"Nani kanunua viatu vipya?"

"Hakuna, mama. Ni manukato yangu."

Akanitazama kuanzia ushungi hadi kandambili. "Aaa. Basi."

Afadhali angesema nanuka, tukabishana. Hiyo "basi" yake haina pa kuijibia. Kwenye matatu nikawa natunga majibu. Ningemwambia mle chupani hamna ngozi hata kipande. Harufu ya ngozi huundwa tu, kwa utomvu wa labdanamu, kwa lami ya magome ya mti wa birch ule wa nchi za baridi, au kwa kemikali za maabara. Ningemwambia hata Wafaransa wa Grasse, wanaosifika dunia nzima kwa manukato, walianzia kwenye glavu: ngozi ilikuwa na uvundo wa dabaghi, wakaitia marashi ndipo mabwana wakubwa wakakubali kuivaa. Naye angenijibu nini? "Aaa. Basi."

Wiki hii wifi kajifungua pacha na ofisi yetu imehamia Nyali, lakini mie nimeshughulika na kunusa kifundo cha mkono.

Saa mbili asubuhi ni hicho alichokisikia mama: ngozi kali, tena ina utamu wa rasiberi na zafarani kavu kwa mbali. Viungo vilivyo vyepesi hupaa mwanzo, na kwa joto letu hili havingoji kuagwa. Kufika saa tano rasiberi ishaondoka, imebaki ngozi peke yake, na hapo mama nilimpa haki yake kidogo. Saa nane, nimeingia ndani kutoka juani, jasho limekauka, nanusa: ubani! Kumbe umo tangu asubuhi, ni vile tu una uzito, unakaa mpaka wenzake wapungue. Nilinusa na kunusa, mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimeumia mkono.

Jioni nikampima mama presha kama kawaida. Namfunga kile kitambaa, akaukamata mkono wangu, akauvuta hadi puani. Akafumba macho.

"Udi gani huu?"

"Wa Maskati, mama."

Sikudanganya; Maskati ndiko ulikotoka.

"Ijumaa nitakwenda arusini. Nitilie kidogo."

Nilisema inshallah kwa adabu zote, nikakimbilia jikoni kucheka. Yule yule, pua ile ile! Ila sasa kuna hesabu ya kupiga: arusi ni ya usiku, na mama hujipamba dakika ya mwisho. Akijitia magharibi, ataingia ukumbini anukia viatu vipya mbele ya mashoga zake wote. Itabidi nimtie mwenyewe, mapema, alasiri haijaadhiniwa, nikiwa na kisingizio ambacho bado sijakipata.

Na friji imeanza kuunguruma tangu jana. Fundi hapokei simu, na mle ndani kuna nguru mzima.