Nilivyofunga umeme wa kambini kwenye pikapu

Sharti nililojiwekea lilikuwa moja: hata friji ifanye kazi usiku kucha, asubuhi gari liwake kwa ufunguo. Ukubwa wa betri, aina ya chaja na paneli ya jua vilifuata baada ya hapo. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, kisha altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, irudishe kilichotoka. Ukiinyonya polepole hadi chini, tena na tena, unaifupishia maisha hata kama kila asubuhi bado inazungusha stata. Kwa hiyo friji ya kuchomekwa kwenye soketi ya dashibodi niliiondoa kwenye hesabu mapema. Gari lingekuwa na betri mbili zisizojuana, ya mbele kwa ajili ya injini na ya nyuma kwa ajili ya kambi, na katikati yao kifaa kinachopitisha umeme kuelekea nyuma tu, na wakati injini inaunguruma tu.

Nilianza na karatasi na kalamu. Friji ya kompresa ya ukubwa wa wastani hula kama wati 45 inapozunguka, lakini haizunguki muda wote. Hali ya hewa ikiwa ya joto, chukulia nusu ya siku. Hiyo ni wati-saa 540, yaani wati 45 mara saa 12. Taa za LED za wati 10 kwa saa tano ni 50. Kompyuta mpakato ikichajiwa mara moja ni kama 60, simu mbili kama 30. Pampu ndogo ya maji hula mkondo mwingi, ila kwa dakika chache tu, sikuipa hata mstari wake. Jumla yangu ikawa karibu wati-saa 700 kwa siku, na ukiitazama vizuri utaona kwamba friji peke yake ni zaidi ya robo tatu. Anayepiga kambi bila friji hahitaji hata nusu ya haya ninayoeleza hapa. Betri ndogo ya kubeba mkononi inamtosha.

Betri niliyochagua ni ya lithiamu ya chuma na fosfeti, ampea-saa 100. Volti yake ya kawaida ni 12.8, kwa hiyo ina wati-saa 1,280, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya hizo bila kuidhuru. Betri ya risasi yenye ampea-saa zilezile ukiitaka idumu unaishia nusu yake. Tena ya risasi ina uzito wa kilo karibu 30, ya lithiamu kama 12. Ya lithiamu ina masharti yake pia. Isichajiwe seli zake zikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, na haipendi joto la chini ya boneti, ndiyo maana sikufikiria hata kidogo kuiweka mbele karibu na injini. Ilikaa nyuma, ndani ya bodi, chini ya kanopi.

Kulifunga sanduku la betri ni kazi inayodharauliwa. Kilo 12 zisizofungwa, gari likigonga kitu, zinakuja mbele na chochote kilichokaa njiani. Nililitengeneza sanduku kwa plaiwudi, nikalifunga kwa bolti kwenye matundu ambayo tayari yapo kwenye bodi kwa ajili ya ndoana za kufungia mzigo. Ukiamua kutoboa, ingia kwanza chini ya gari uone kuna nini: tangi la mafuta na mabomba ya breki hupenda kukaa palepale drili inapotaka kutokea.

Sasa kuhusu kuchaji gari likiwa barabarani. Njia ya zamani ni relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayounganisha betri mbili injini ikiwaka. Kwa betri mbili za risasi na altaneta ya kizamani inafanya kazi vizuri tu. Kwangu isingefaa kwa sababu mbili. Kwanza, betri ya lithiamu ina ukinzani mdogo sana ndani yake, hivyo ikiwa imeshuka hunyonya kwa pupa kila altaneta inachoweza kutoa, na altaneta inayotoa nguvu zake zote muda mrefu hupata joto kupita kiasi, hasa gari likiwa limesimama injini ikizunguka taratibu na upepo wa kuipoza haupo. Pili, magari mengi mapya yana altaneta zinazoongozwa na kompyuta, ambazo hushusha volti ili kuokoa mafuta. Niliweka multimita kwenye betri ya mbele injini ikiwaka, nikawasha na kuzima taa na feni: namba ilipanda ikashuka, na kuna wakati ilikaa pungufu ya volti 13. Kwa volti hiyo betri ya lithiamu haijai, kwani inataka 14.2 hadi 14.6.

Jibu la matatizo yote mawili ni chaja ya betri kwa betri. Inapokea volti yoyote itakayopewa kutoka mbele, inaipandisha hadi kiwango ambacho betri ya nyuma inakitaka, na haivuti zaidi ya kiasi chake. Yangu ni ya ampea 25. Safari ya saa mbili inarudisha kama ampea-saa 50, yaani nusu ya betri. Ipo ya ampea 50 pia, lakini sikuona sababu ya kuibana altaneta hivyo kwa ajili ya friji moja. Chaja hii ina waya mwembamba wa kuiambia kwamba ufunguo umefunguliwa; niliuunganisha kwenye fyuzi ambayo hupata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Kwenye magari yenye altaneta ya kompyuta waya huu ni wa lazima, maana chaja haiwezi kujua kwa kuangalia volti peke yake kama injini inazunguka.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukisikiliza mazungumzo ya watu waliofunga mifumo hii utasikia betri, betri, betri. Kwa maoni yangu betri ni sehemu rahisi. Unainunua na imekwisha. Kinachoamua kama mfumo utafanya kazi ni waya. Kwenye volti 12 kila kitu kinataka mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa ukipita kwenye waya mwembamba unaacha volti njiani kama maji yanayovuja kwenye bomba refu.

Hesabu si ngumu. Ukinzani wa shaba ni kama omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye milimita moja ya mraba. Zidisha kwa urefu wa kwenda na kurudi, gawanya kwa unene, zidisha kwa ampea. Kutoka betri ya mbele hadi sanduku la nyuma, kwa kufuata chesi na kukwepa vya kukwepwa, nilipata mita sita, kwa hiyo kumi na mbili kwenda na kurudi. Chaja ya ampea 25 huvuta zaidi ya hizo upande wa kuingilia, kama ampea 32, kwa sababu inapandisha volti na yenyewe inakula kidogo. Kwa kebo ya milimita 6 za mraba unapoteza volti 1.12, na wati 36 zinageuka joto ndani ya kebo. Kwa kebo ya milimita 16 unapoteza 0.42. Nilichukua ya 16, upande wa chanya na upande wa hasi pia. Wapo wanaorudisha hasi kupitia chesi, na inafanya kazi mahali pa kufungia pakikwanguliwa rangi hadi chuma kionekane. Mimi nilipendelea kebo, kwa sababu kutu ya chesi siioni na kebo naiona. Ila mbele, hasi yangu haikufungwa juu ya taminali ya betri. Niliifunga kwenye bolti ya chesi iliyo jirani, maana gari likiwa na kihisi cha betri kwenye taminali ya hasi, mkondo wote unapaswa kupita ndani yake ili kompyuta ya gari ihesabu sawasawa.

Fyuzi zilikuwa mbili kwenye kebo hiyo moja, kila moja ndani ya sentimita chache kutoka kwenye taminali ya chanya ya betri yake. Wapo wanaoona ya pili ni ziada. Kebo hii ina betri kila mwisho. Ikichubuka katikati na kugusa chesi, inapigwa shoti kutoka pande zote mbili, na fyuzi ya mbele haizuii lolote linalotoka nyuma. Fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda waya, kwa hiyo huchaguliwa kwa kutazama waya unavumilia kiasi gani na kifaa kinavuta kiasi gani: juu ya ampea 32, chini ya uwezo wa kebo. Niliweka za ampea 50. Ile ya upande wa lithiamu niliichagua kwa uangalifu zaidi, kwani betri hiyo ikipigwa shoti inaweza kumwaga maelfu ya ampea kwa mkupuo, na fyuzi duni huyeyuka bila kuukata mkondo. Kwenye kasha la fyuzi huandikwa inaweza kukata ampea ngapi. Soma hapo.

Kebo yenyewe niliipitisha kwa ndani ya chesi, mbali na bomba la moshi na shafti, nikaivisha bomba la plastiki lenye mikunjo, na kila inapopita kwenye tundu la chuma nikaweka raba. Lagi, vile vichwa vya shaba vyenye tundu la bolti, nilizibana kwa mashine ya haidroliki ya kuazima. Koleo na nyundo havitoshi kwa kebo ya unene huu. Wala sikuzichomelea kwa risasi, kwa sababu risasi huufanya waya kuwa mgumu pale unapoishia, na mtikisiko wa barabara mbovu hukatia papo hapo.

Hadithi ya waya haikuishia kwenye chaja. Friji nyingi za kambi zina ulinzi wa betri: zikiona volti imeshuka zinajizima. Tatizo ni kwamba friji haioni volti ya betri, inaona volti iliyofika kwake. Chukua waya wa milimita moja ya mraba, mita sita kwenda na sita kurudi, friji ikivuta ampea tano: volti nzima moja imepotea. Betri ina 12.6, friji inaona 11.6, inajizima, na mwenye gari anailaumu betri mpya isiyo na kosa. Kutoka kwenye sanduku hadi kwenye friji mimi nina mita mbili za waya wa milimita 6, na plagi ya kufunga kwa kuzungusha. Plagi ya umbo la kiwashio cha sigara niliiacha. Inalegea kwa mtikisiko, ikilegea inapata moto.

Paneli nitaisema kwa kifupi. Ni ya kukunja, wati 120, na sikuifunga juu ya kanopi. Gari nalitaka kivulini, paneli naitaka juani, na vitu hivyo viwili haviwezi kuwa mahali pamoja. Ina waya wa mita nane. Paneli nyingi za kukunja huja na kidhibiti cha chaji nyuma yake. Niliking'oa, kwa sababu chaja yangu ina kidhibiti chake ndani na viwili vikifuatana vinagombana. Siku ya jua zuri naweka matarajio kwenye wati-saa 400 hivi, si zaidi. Kwa matumizi ya 700 hiyo inabakisha upungufu wa 300 kwa siku, na betri inaubeba kwa siku tatu na ushei bila injini kuwashwa.

Inveta, kifaa cha kupandisha volti 12 kuwa 230 kama umeme wa nyumbani, ninayo, ndogo ya wati 300, na muda mwingi imezimwa kwa swichi yake. Ikikaa imewashwa bila kazi inakula wati kama 6, ambazo kwa saa 24 ni wati-saa 144, mara mbili na zaidi ya kompyuta mpakato yenyewe. Kompyuta naichaji moja kwa moja kwenye soketi ya USB-C inayotumia volti 12. Kuipandisha hadi 230 kisha adapta ishushe tena hadi 20 ni kuutembeza umeme bure.

Kujua kilichobaki ndani ya betri ya lithiamu kwa kupima volti ni kazi bure, kwani volti yake hukaa karibu palepale kutoka ikiwa imejaa hadi inapokaribia kuisha, kisha huporomoka ghafla. Niliweka shanti, kipande kinachohesabu kila ampea inayoingia na kutoka. Inafungwa kwenye taminali ya hasi, na nyaya zote nyingine za hasi zinaanzia upande wake wa pili. Hata waya mmoja ukiirukia, hesabu inakwenda upogo.

Kabla ya kufunga kifuniko cha sanduku niliwasha injini, nikaacha chaja ivute ampea zake zote, nikapita na kiganja kwenye kila kiungo. Lagi iliyobanwa vibaya hujitambulisha kwa joto kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikapima volti kwenye betri ya mbele na kwenye mlango wa chaja kwa wakati mmoja: tofauti ilikuwa 0.4 na kitu, karibu sawa na ile ya kwenye karatasi. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi nilirudi na spana, na nati mbili zilikubali robo mzunguko zaidi. Siku hizi kila nati ina washa ya springi, na spana ya namba 13 inakaa ndani ya sanduku pamoja na fyuzi mbili za akiba.