Wiki iliyopita ulifanya nini?

Jumamosi jioni, Februari 22, 2025, nilikuwa jikoni kwa dada mmoja ninayemheshimu sana hapa Maryland, Marekani. Simu yake ikaanza kutetemeka mezani bila kupumzika. Kundi la WhatsApp la wauguzi wenzake lilikuwa limechafuka, kila mtu anatuma picha ya barua pepe ile ile: wiki iliyopita ulifanya nini?

Dada huyu ni raia wa kuapishwa na ameajiriwa na serikali kuu. Barua ilitoka OPM, ofisi inayoshughulikia utumishi wa serikali kuu, na ilienda kwa watumishi zaidi ya milioni mbili. Ilitaka mambo matano hivi uliyoyatimiza, nakala kwa msimamizi wako, bila siri za serikali, kabla ya saa sita kasoro dakika moja usiku wa Jumatatu. Barua yenyewe haikusema asiyejibu atafanywa nini. Aliyesema ni Elon Musk, bilionea aliyekuwa akimsaidia Rais Trump kupunguza matumizi ya serikali, kwenye mtandao wake wa X: kutojibu kutahesabiwa ni kujiuzulu.

Akachana karatasi kwenye daftari la mtoto, akaandika namba moja hadi tano. Namba moja akaweka zamu tatu za saa 12. Ya pili, dawa na vidonda. Ya tatu, kumfundisha muuguzi mgeni. Alipofika ya nne akasita, kisha akaandika polepole: nimekaa na mzee mpaka akakata roho, mkono wake ndani ya wangu. Akaniangalia. "Hili nalo ni mafanikio, mdogo wangu?"

Nilikosa jibu. Ninachojua ni kwamba msimamizi wake wa wodi angeusoma mstari ule na kuuelewa mara moja. Mtu aliyekaa ofisini Washington, asiyeijua wodi wala mzee, angeuelewaje?

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kutoa ripoti ya wiki si dhuluma. Mimi nafanya kazi ya programu za kompyuta kwenye kampuni binafsi na kila Ijumaa naandika yangu. Bosi wangu wa sasa huisoma. Jumatatu ananiita, na huwa hagusi niliyomaliza. Anauliza nimekwama wapi na nani anipe msaada. Ripoti ya aina hiyo naiandika kwa moyo mweupe.

Kampuni niliyokuwa kabla ya hapo ilikuwa kinyume. Tulijaza fomu kila wiki kwenye mfumo, zikaishia humo. Wiki tatu mfululizo niliandika kwamba seva ya majaribio inakaribia kujaa. Kimya. Ilipojaa na kazi ya watu sita ikasimama siku nzima, nikaulizwa kwa nini sikutoa taarifa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Tuliokuja huku kwa viza ya kazi tuna mzigo mwingine ambao wenzetu wazawa hawauoni. Mwenye H-1B, viza ya kazi za kitaalamu, akipoteza kazi anapewa siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka. Kwa hiyo swali la "ulifanya nini", likija na kitisho cha kufukuzwa, kwetu linagusa kodi ya nyumba, shule ya watoto na haki ya kubaki nchini, vyote kwa mpigo. Mtu aliye katika hofu hiyo haandiki ukweli wa kazi yake. Anaandika kinachopendeza.

Kuna na suala la lugha. Mwaka wangu wa kwanza ripoti zangu zote zilisema tumerekebisha, tumemaliza, tumekabidhi. Ndivyo nilivyolelewa, kazi iliyofanywa na wengi haiitwi yako. Siku ya tathmini nikaambiwa haijulikani mimi binafsi nimefanya nini. Ilinichukua muda kuandika "nimerekebisha" bila kujisikia najisifu. Kwa anayekuja sasa, nakusihi anza mapema: weka daftari, kila jioni mistari miwili, kwa nafsi ya kwanza. Ijumaa hutahangaika kukumbuka Jumanne ulikuwa unafanya nini.

Tukirudi kwenye ile barua, mambo yalivurugika haraka. FBI, shirika la upelelezi, na Wizara ya Ulinzi ziliwaambia watu wao wasubiri kwanza. Jumatatu OPM yenyewe ikazieleza idara kwamba kujibu ni hiari. Februari 28 ikaja barua ya pili, ikitaka jambo lile lile, na ikawa kawaida ya kila wiki. Agosti 2025 OPM ikatangaza kuachana na utaratibu huo.

Dada alijibu ile ya kwanza Jumatatu mchana, baada ya kuongea na msimamizi wake. Alituma mambo manne. Mstari wa mzee aliuacha kwenye karatasi, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Huo hauwahusu."