Bushi za nyuma za Land Rover ya mjomba

Mtu akisikia umebadilisha bushi, ile raba yenye bomba la chuma kwenye viungo vya springi, anadhani kazi ilikuwa kuweka mpya. Kuweka mpya ni kazi ndogo, kama una vifaa na umesafisha vizuri inaingia. Kazi ni kuitoa ya zamani, hasa kama imekaa kwenye chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, miaka na miaka bila mtu kuigusa, na hii nitaieleza vile ilivyotokea kwenye Land Rover ya mjomba, Series III ile fupi ya inchi 88 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma.

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, na hii yake ilikuwa za mwanzo mwanzo. Bodi ni alumini kwahiyo juu ilikuwa bado nzuri tu, lakini chesisi ni chuma, umri wote uko huko chini. Nyuma ilikuwa inagonga. Ukipita kwenye shimo unasikia ko! halafu kwenye kona ukiachia mafuta unahisi nyuma imehama kidogo ndo ikafuata, na mjomba alishaanza kuiendesha polepole kwasababu hiyo, kitu ambacho kilikuwa kinaniuma maana gari yenyewe injini ilikuwa safi.

Sasa kwenye hizi gari ekseli ya nyuma haina mkono mwingine wa kuishika. Zile springi za pleti zinabeba mzigo na hizohizo ndo zinazuia ekseli isiende mbele wala nyuma wala pembeni, na springi yenyewe imeshikwa kwenye chesisi kupitia bushi tu. Mbele bolti inapita kwenye jicho la springi, nyuma kuna vile vyuma viwili vinavyoning'inia, juu vimeshika chesisi chini vimeshika springi, ili springi ikilala ipate pa kurefukia. Kila kiungo kina bushi yake. Zikifa, ekseli nzima inatembea inavyotaka, na dereva anadhani shida ni usukani au shokapu.

Bushi yenyewe ni bomba la chuma nje, raba katikati, na bomba jembamba ndani ambamo bolti inapita. Bolti ikikazwa inalibana lile bomba la ndani lisizunguke kabisa, kinachocheza ni raba, inajisokota inarudi, inajisokota inarudi. Haitaki grisi, haitaki chochote. Mi naipenda sana hii akili ya mtu aliyebuni hivyo, ila ndo hiyo hiyo inafanya kila mtu aisahau mpaka siku imeoza.

Tukaanza upande wa kushoto. Stendi chini ya chesisi, jeki chini ya ekseli kuishikilia tu, tairi nje, shokapu tukaifungua chini. Bolti tulikuwa tumezipulizia mafuta ya kulegeza kutu toka jana yake. Ya chini ikatoka kwa shida lakini ikatoka. Ya juu, ile inayopita kwenye chesisi, nikaweka spana na bomba refu nikavuta, ikazunguka vizuri tu karibu robo, nikaachia nibadilishe mshiko na spana ikarudi yenyewe mpaka pale ilipoanzia. Nikavuta tena ikarudi tena. Nikawa naangalia ncha ya ile bolti kwa tochi, unaona kabisa inageuka na raba iliyochungulia pembeni nayo inageuka, nyufa zinafunguka halafu zinajifunga ukiachia.

Mjomba akaingiza mkono akaishika. "Acha, mjomba. Hapo hufungui bolti, unasokota raba. Bolti na bomba la ndani vimeshikana kutu, vimekuwa kitu kimoja."

Nikamuuliza, "Sasa tupige gesi mjomba, tuichome raba yote itoke?"

"Hapana. Tangi la mafuta liko chini ya siti hapo mbele, waya za taa za nyuma zinapita ndani ya hii chesisi, bomba la breki liko hapa. Moto hauingii kwenye gari yangu."

Najua mafundi wengi wanachoma, na ni kweli inakwenda haraka, raba inawaka na moshi mweusi mzito na baada ya dakika chache bomba la ndani linadondoka. Lakini kama springi iko nje mezani sawa, choma jicho lake huko uwanjani. Kwenye chesisi iliyofungwa kwenye gari mi sikubali, na sababu alizotoa mjomba siku ile bado hakuna aliyezijibu.

Kwahiyo grenda, diski nyembamba, tukakata bolti pande zote mbili kwenye ile nafasi ndogo kati ya chuma kinachoning'inia na chesisi. Springi ikawa huru. Ikabaki bushi na kipande cha bolti ndani yake. Tukachukua drili tukatoboa raba matundu madogo kuzunguka lile bomba la ndani, moja pembeni ya jingine, na hapa ndo panataka subira kwasababu raba ya zamani ikipata joto inanata kwenye drili na inavuta mkono, unatoa, unasafisha, unarudi. Matundu yalipokutana mjomba akapiga ile bolti kwa nyundo na chuma kidogo, mara moja, ikatoka upande wa pili na mabaki ya raba yamening'inia.

Wengi wangeona imeisha. Haijaisha, bomba la nje bado liko humo, jembamba, limeshikana na chesisi kiasi kwamba hata mstari kati yao unautafuta. Ukilipiga kwa nguvu linajikunja na kukaza zaidi, au unaharibu tundu la chesisi na hilo ndo tatizo la kweli, bushi inanunuliwa, tundu la chesisi halinunuliwi. Mjomba akafungua bledi ya msumeno wa chuma, akaipitisha kwenye tundu, akaifunga tena msumeno ukiwa umeizunguka chesisi, akaanza kukata kwa ndani taratibu sana. Akaniambia niangalie unga unaodondoka. Mwanzo ulikuwa unang'aa, unga wa chuma kizima, ghafla ukabadilika ukawa wa kahawia. Hapo bledi imemaliza bomba na imegusa kutu iliyoko katikati, ukiendelea unakula chesisi. Akaacha papo hapo. Tindo kwenye ule mpasuko, pigo dogo, ukingo ukajikunja kuingia ndani, na bomba lililogoma muda wote ule likalegea nikalivuta kwa koleo.

Mpya haikuchukua muda. Brashi ya waya, msasa, grisi kidogo kwenye chuma, studi ndefu na nati na kipande cha bomba kinachokaa juu ya bomba la nje la bushi peke yake, maana ukisukuma bomba la ndani unaichana raba kabla gari haijatembea. Unakaza, inaingia.

Nilipotaka kukaza bolti mjomba akanishika mkono. "Shusha gari kwanza, ndo ukaze." Hii ndo sehemu watu wanairuka na baadaye wanalaumu bushi feki. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, raba imefungwa katika hali hiyo, ukishusha gari inajisokota na inabaki imesokotwa muda wote hata imepaki, kila shimo linaongeza. Haikai. Kwahiyo tairi zikarudi, gari ikakaa chini kwa uzito wake, tukaitikisa nyuma ijipange, ndo nikaingia chini nikakaza nati zote.

Upande wa kulia tukauanza kesho yake. Mjomba alinikumbusha tusichanganye springi, ya upande wa dereva ina nguvu zaidi kwenye hizi gari. Nikaishika bolti ya juu, nikavuta spana mara moja, ikarudi. Sikuvuta tena, nikaenda kuchukua grenda.