Kabla ya kuchimba msingi Nyanda za Juu Kusini

Mwenye kiwanja Isyesye, Iwambi au Uyole jijini Mbeya aanze na kalenda. Mvua za huku hunyesha Novemba hadi Aprili, na mara nyingine hugusa Mei. Mtaro wa msingi uliochimbwa Machi hujaa maji, kuta zake humomonyoka na chini hubaki tope. Chimba Juni. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha zege kukomaa, kwa hiyo limwagwe asubuhi, lifunikwe magunia na kumwagiliwa siku 7.

Kabla ya kufyeka, tafuta bikoni zote, yaani alama za mpaka wa kiwanja. Iliyofukiwa au kung'olewa, mwite mpima airudishe. Kumbukumbu ya jirani si mpaka. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kiwe tayari pamoja na ramani inayoonyesha karo la maji taka litakaa wapi, maana wengi hulikumbuka nyumba imeshaziba njia ya gari la kunyonya.

Udongo mweusi wa juu wenye mizizi uondolewe, sentimita 15 hadi 30, na urundikwe pembeni kwa ajili ya bustani. Visiki vya milingoti (mikaratusi) ving'olewe na mizizi yake. Kisiki kikioza chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, huacha uwazi, sakafu ikatitia.

Halafu pima udongo, hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Chimba mashimo ya mita moja na nusu kwenye kona za nyumba, uangalie kila tabaka. Kuelekea Uyole na Rungwe kuna majivu ya volkano, na mahali pengine vijiwe vyepesi vinavyoelea ukivitia kwenye ndoo ya maji. Usikalishe msingi juu ya tabaka hilo likiwa limelegea. Endelea kushuka hadi udongo mgumu. Iringa tatizo ni jingine: kona moja inakuta mwamba, nyingine udongo. Upande wa udongo hushuka, wa mwamba haushuki, na ukuta hupasuka pale vinapokutana. Kwenye udongo wa mbuga, kama wa Usangu, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, mwite mhandisi. Kuongeza nondo kwa kukisia ni kupoteza pesa.

Kuseti, yaani kuchora nyumba ardhini kwa kamba, kunahitaji kamba, vigingi na subira. Nyumba ya mita 9 kwa 12 lazima mishazari yote miwili, kona hadi kona ya mkabala, isome mita 15. Ikipishana, kona si mraba, sogeza vigingi sasa. Mbao za kufungia kamba zikae angalau mita moja nje ya mtaro, la sivyo wachimbaji watazing'oa. Usawa upimwe kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, na utolewe mapovu yote kwanza, kwani povu moja tu hudanganya kipimo. Kwenye mteremko, chini ya mtaro kuchimbwe ngazi zilizolala sawa, kamwe kusifuate mteremko.

Sasa hesabu. Mtaro wa jumla ya mita 60, upana sentimita 60 na kina sentimita 90, hutoa udongo mita za ujazo 32, na ukishalegea hufika kama 40. Panga mapema utakaa wapi, mbali na ukingo. Zege la chini la unene wa sentimita 20 ni mita za ujazo 7.2. Kwa uwiano wa moja kwa tatu kwa sita (saruji, mchanga, kokoto), yanahitajika mabegi 32 ya saruji hivi, agiza 35. Kila begi la kilo 50 huchanganywa na mchanga ndoo 5 na robo za lita 20, na kokoto ndoo 10 na nusu. Saruji inatengenezwa Songwe, hapo jirani, kwa hiyo hakuna haja ya kuilaza miezi ghalani ikiganda kwa unyevu.

Tofali za kuchoma zinafaa juu ya jamvi. Chini ya ardhi hunywa maji, na zile zilizoiva nusu humeguka. Huko tumia mawe au tofali za saruji, na mawe yafike kabla mtaro haujachimbwa ili usikae wazi wiki nzima.