Wauzaji wa jioni, Lubumbashi: kumbukumbu ya chembechembe na ukali

Mei

Mradi ni huu: kupiga picha za watu wanaouza jioni kandokando ya barabara, kwenye mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi, kila mmoja kwa mwanga wake mwenyewe, kisha kila mmoja apate picha yake ya karatasi. Mwanga wake mwenyewe maana yake ni mshumaa, taa ndogo ya LED ya kuchaji, au makaa ya mbabula (jiko la mkaa). Kamera ni Canon EOS 600D ya mkononi, modeli ya mwaka 2011, na lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, tundu pana linaloingiza mwanga mwingi. Flashi nimeikataa tangu mwanzo, kwa sababu inamfanya kila muuzaji aonekane kama mtu aliyefumaniwa.

Sasa ni kiangazi na giza linaingia mapema. Saa kumi na mbili jioni jua limeshazama na wateja ndiyo kwanza wanatoka kazini. Kwa hiyo ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 3200 ndiyo kawaida yangu, mara nyingine 6400, sekunde 1/60, tundu la lenzi wazi kabisa. Chini ya 1/60 mikono ya mtu anayepima karanga inaacha mkia, na mkia huo hakuna programu itakayoufuta vizuri. Chembechembe, yale madoadoa yanayotokea picha ikipigwa penye mwanga hafifu, zinapunguzika. Kati ya maovu hayo mawili nachagua chembechembe.

Kwa chembechembe wengi huilaumu ISO, lakini mwenye kosa ni uhaba wa mwanga. Mwanga unafika kwenye kihisi, kile kipande cha kamera kinachoupokea, fotoni (punje ya mwanga) moja moja, bila mpangilio. Pikseli iliyopokea fotoni 10,000 inayumba kwa takriban 100, yaani asilimia moja, na jicho halioni. Pikseli iliyopokea 100 inayumba kwa 10, asilimia kumi, na hapo ndipo ukuta uliopakwa rangi moja unaanza kuonekana wa madoadoa. Kupandisha ISO hakuongezi fotoni hata moja. Hata hivyo kwenye kamera hii ni afadhali kuipandisha wakati wa kupiga kuliko kupiga kwa ISO 400 na kuja kuinua giza nyumbani: vihisi vya Canon vya miaka ile, ukiinua vivuli vyake, vinatoa michirizi iliyonyooka, na michirizi inaudhi kuliko chembe, kwa sababu jicho linaifuata.

Juni

Napiga RAW tu, faili ghafi ya kihisi. JPEG ya kamera inafika ikiwa imeshasuguliwa na kunolewa ndani kwa ndani, tena imebaki na biti 8 wakati RAW ya mashine hii ina 14. Natumia darktable, programu ya kusafisha picha, kwanza kwa sababu ni bure. Pili, sehemu yake ya kupunguza chembechembe inafanya kazi kwa vipimo vilivyochukuliwa kwa kila modeli ya kamera na kila kiwango cha ISO. Inajua 600D kwenye 3200 inachafuka kiasi gani.

Jambo lililonichukua muda mwingi mwezi huu ni mshumaa. Mwanga wake, kwa kipimo cha rangi ya mwanga, uko karibu kelvini 1,900, wakati wa mchana uko karibu 5,500. Umejaa nyekundu, bluu yake ni kidogo mno. Juu ya kihisi kuna vichujio vya rangi, ule mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak uliopewa hataza mwaka 1976: nusu ya pikseli ni kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kwa mshumaa, ile robo ya bluu inakaa karibu na njaa. Ukiiambia programu nguo nyeupe iwe nyeupe kweli, inachukua bluu hiyo na kuizidisha mara kadhaa, pamoja na uchafu wake wote. Ndipo yanapotokea yale madoa ya zambarau na kijani kwenye shavu la mtu.

Basi siisahihishi rangi mpaka mwisho. Naiacha picha na umanjano wake, labda nusu ya njia kutoka kwenye mshumaa kuelekea mchana. Chembe za rangi zinapungua kabla sijagusa kitu kingine chochote, na hata hivyo nani aliwahi kuona shati jeupe kabisa mbele ya mshumaa?

Baada ya hapo nafungua sehemu ya kupunguza chembechembe mara mbili. Nakala ya kwanza inafanya kazi kwenye rangi peke yake, kwa nguvu zote. Rangi ikifutwa kidogo jicho halijali. Ya pili inagusa mwangaza, na hiyo naishusha hadi theluthi moja ya nguvu, wakati mwingine chini ya hapo.

Sababu ya kuishusha ni ngozi. Ngozi zetu, kwa mwanga wa mshumaa, zinakaa kwenye sehemu ya giza ya picha, palepale penye fotoni chache. Kwa programu, mkunjo mwembamba wa kando ya jicho na chembe ya kihisi ni kitu kimoja: mabadiliko madogo ndani ya giza. Inafuta vyote viwili. Ukitumia nguvu kamili, ukuta wa nyuma unatoka safi, shati linatoka safi, na uso unatoka wa plastiki. Mifano mingi ya mafunzo niliyotazama ina nyuso nyeupe kwenye mwanga wa dirisha, ambako tatizo hili halijitokezi kwa kiasi hicho, na wanaofundisha wanasogeza mstari hadi mwisho bila wasiwasi.

Nilichapisha matoleo mawili ya mama mmoja wa kalanga (karanga), moja la nguvu kamili, moja la theluthi, nikampelekea yote bila maelezo. Akalishika lile safi, akaliinua karibu na taa.

“Huyu haiko mie, papa. Huyu ni dada wa ku televizioni.”

Jirani yake wa sombe (majani ya muhogo) akataka kulichukua yeye, kwa kuwa lilikuwa zuri. Mama akachukua lile la chembechembe. Siku hizi nguvu kamili naiweka kwa barakoa, yaani kwa kuziba sehemu nyingine za picha, kwenye ukuta, mbingu na meza tu.

Julai

Michopo, nyama ya kuchoma. Moshi, mafuta yanayodondoka, makaa mekundu. Ile sehemu ya darktable ya kuondoa pikseli mbovu zinazowaka zenyewe naizima kwenye picha hizi, maana inatafuta nukta moja yenye mwanga mkali iliyozungukwa na giza, na cheche ndogo kabisa zina sura hiyo hiyo. Inazila zote.

Kunoa, yaani kuongeza ukali wa kingo. Njia ya kawaida, ile ya kutoa nakala iliyofifishwa kutoka kwenye picha halisi, ilianza kwenye chumba cha giza enzi za filamu: negativu ilibanwa pamoja na kivuli chake chenye ukungu. Haileti maelezo mapya; inakoleza tofauti ya weusi na weupe pale ukingoni. Ukizidisha, kila mshikaki unapata uzi mweupe kuuzunguka. Na ukiitumia kabla ya kupunguza chembechembe, unanoa chembechembe zenyewe.

Kwa picha ambazo lenzi imelegea kidogo kwenye f/1.8 nahamia RawTherapee, programu nyingine, yenye njia ya Richardson na Lucy, hesabu ya kurudisha ukali uliopotea. William Richardson aliitoa mwaka 1972, Leon Lucy, mtaalamu wa nyota, mwaka 1974, kila mmoja kivyake. Darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990 na kugundulika kwamba kioo chake kimekosewa umbo, hesabu hiyo ilitumika kuokoa picha zake kabla mafundi hawajaenda kuitengeneza angani. Kwangu inaokoa vidole na mizani. Nanoa macho, mikono na bidhaa, kwa barakoa, mashavu siyagusi.

Agosti

Karatasi imenipunguzia kazi. Faili ya 600D ina pikseli 5,184 kwa 3,456. Picha ya sentimita 10 kwa 15, kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji karibu 1,800 kwa 1,200 tu. Kila pikseli inayochapishwa inakuwa wastani wa pikseli kama nane za mwanzo, na wastani wa nane unapunguza kuyumba karibu mara tatu, bure, bila kufuta mkunjo wa mtu yeyote. Picha za ISO 3200 zilizonitisha kwenye kioo cha kompyuta nilipozikuza kwa asilimia mia zinatoka studio zikiwa tulivu. Kunoa kwa mwisho nafanya baada ya kupunguza ukubwa, si kabla.

Kitu kimoja karatasi inadai: giza linajifunga. Ngozi inayosomeka vizuri kwenye kioo inazama kwenye uchapaji. Nainua mwangaza wa kati kidogo kabla ya kupeleka, na hapo zile chembe nilizoziacha zinasaidia, maana uso uliosuguliwa ukiinuliwa unatoka tambarare.

Picha kubwa ya 30 kwa 45 ni habari nyingine. Hapo faili inatoshea pikseli kwa pikseli na hakuna wastani wa kujificha nyuma yake. Nimechagua moja tu ya ukubwa huo, baba wa michopo, kwa sababu makaa yalimpa mwanga wa kutosha kupiga kwa ISO 1600.

Mama wa kalanga amesema anataka yake iwe kubwa vilevile, na safari hii amevaa kitenge. Nimemwomba aazime taa ya jirani. Taa ya pili, ikiwekwa karibu kama ya kwanza, inazidisha mwanga mara mbili, nami nitashuka kutoka 3200 hadi 1600. Amekubali, ila jirani naye anataka kuwemo kwenye picha.